Kabla Hujanunua Stata Mpya, Zitazame Kaboni

Kijana mmoja wa Wete ameniandikia. Stata ya gari ya tajiri wake, ile mota inayogeuza injini mpaka iwake, inagonga "tak" tu, injini haigeuki, na fundi keshamwambia anunue nyengine. Anauliza kama ni kweli.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Maneno hayo fundi mwengine alimwambia mteja wangu hapa Mwanakwerekwe, mbele yangu, akaongeza: "Usimsikilize huyu, kazi yake kusugua tu." Akaondoka naye. Hata leo nikimwona yule fundi msikitini salamu yangu inakuwa fupi.

Juzi ikaletwa gari ya abiria ya Makunduchi, ugonjwa huohuo. Betri nzima, waya zimekaza, stata nikaifungua. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, mbili zimelika zimebaki kama ukucha, ya tatu imekwama kwenye nyumba yake kwa vumbi na kutu, springi inasukuma bure. Nimezibadilisha zote nne (usibadilishe moja moja, ndugu yangu!) na jioni gari ilikuwa njiani. Tajiri alinishika mkono mara mbili.

Sasa wewe unayetaka gereji yako mwenyewe, jifunze kuisoma komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba inayoguswa na kaboni. Ikiwa na rangi ya hudhurungi inayong'aa, iache, hiyo ndiyo afya yake. Ikiwa na madoa meusi ya kuungua, tumia msasa laini wa karatasi. Ule mweusi wa kusugulia chuma weka mbali, punje zake huganda kwenye shaba na zitaitafuna kaboni mpya. Mafuta usitie hata tone.

Katikati ya vipande kuna mika, kitu kigumu kisichopitisha umeme. Shaba ikilika, mika ngumu hubaki imesimama, kaboni inarukaruka, cheche zinaanza. Kwenye mota nyingi mika huchimbwa iwe chini ya shaba, lakini ziko stata zinazotoka kiwandani mika yake ikiwa sawasawa na shaba, hizo usizichimbe.

Ukitia kaboni mpya, izungushie komyuteta msasa, upande wa makali uitazame kaboni, uuvute msasa mpaka uso wa kaboni upate mviringo. Kisha puliza vumbi lote, maana vumbi la kaboni linapitisha umeme.

Kijana wa Wete, fungua kwanza. Amecha, ile sehemu ya waya inayozunguka ndani, ikinuka kuungua au vipande vya shaba vimenyanyuka, hapo nunua. Na ile ya zamani ondoka nayo, usimwachie fundi. Wapo wanaosema imekufa, kisha wanaitia kaboni na kumuuzia mwengine.