Pika Chakula Kinachowasubiri Wageni

Mara ya kwanza nilipowaalika marafiki nyumbani kwangu Ntinda, mtaa wa Kampala, nilipika pilau, samaki wa kukaanga, chapati na maharage ya nazi. Nilitaka waone kwamba mtoto wa Walukuba, kule Jinja, anajua jiko. Tulipatana saa saba mchana, watu wanane. Wa kwanza alifika saa nane, wa mwisho saa tisa na nusu, maana Barabara ya Jinja siku hiyo ilikuwa haipitiki. Pilau ilishikana, samaki walipoa wakalegea, na chapati ilinibidi nizichome upya moja moja. Mezani nilikaa nao labda robo saa. Wakati wa kuaga rafiki yangu mmoja alinishika mkono akaniambia, "Dada, chakula kitamu, lakini tulikuja kukuona wewe."

Neno hilo halikunitoka. Tangu siku ile, na sasa ni zaidi ya miaka kumi, wageni wangu nawapikia chakula kinachoweza kusubiri. Hapa Uganda hakuna haja ya kukitafuta mbali, kwa sababu Waganda, yaani watu wa kabila la Buganda, walishapata dawa yake zamani kwenye jani la mgomba. Matoke yaliyofungwa majanini, na luwombo (kitoweo kilichofungwa ndani ya jani la mgomba) pembeni yake, yanaweza kukaa juu ya makaa hafifu mchana kutwa na yakazidi kuwa matamu. Mgeni akichelewa, sufuria haimkasirikii. Nawe unakuwa umeshaoga, umekaa kibarazani, unapiga soga na waliowahi.

Basi anza na matoke. Nunua mkungu mzima kama wageni wako ni wengi, au chane kadhaa zilizokomaa ambazo bado ni mbichi kabisa. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakuachia weusi vidoleni kwa siku kadhaa. Chukua uti wa majani ya mgomba, ukate vipande, uvipange chini ya sufuria viwe kama kichanja. Tia maji, lakini yasivuke kichanja hicho, kwa sababu matoke haya yanaiva kwa mvuke. Yakiguswa na maji yanakuwa chapwa. Tandika majani, weka ndizi, kunja kingo zikutane juu, kisha ongeza majani mengine na kuyachomeka pembeni mpaka mvuke usipate pa kutokea.

Baada ya kama saa moja ya moto mzuri ndizi zitakuwa zimeiva. Watu wengi huishia hapo, wakapakua, wakala, na ndiyo maana matoke yao ni magumu. Ondoa furushi sufuriani na ulifinye kwa mikono miwili juu ya majani yenyewe (kitambaa safi kitakusaidia na joto) mpaka ndizi ziwe donge moja laini. Lirudishe, punguza makaa, uliache saa nyingine nzima au zaidi. Rangi inageuka manjano iliyokolea, na harufu ya jani inaingia ndani. Mama yangu hakuwa Mganda, alijifunza kwa jirani yake pale Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Alikuwa akisema usikifunue chungu, kisikilize. Maji yakibaki kidogo, sauti ya mchemko inabadilika, inakuwa kama mkwaruzo. Hapo ongeza maji yanayochemka, yapite pembeni. Maji baridi yanakata mvuke wote.

Jambo moja nitalisema kwa ukali: usifunike matoke kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Najua wengi mjini wanafanya hivyo, majani yakiwa ghali au machache. Plastiki haikutengenezwa kupikiwa, na kinachotoka humo kwa joto kinaingia kwenye chakula cha watoto wako. Ukikosa majani ya kutosha, tumia uliyonayo kufunga ndizi, kisha juu yake weka kitambaa cha pamba safi na mfuniko mzito.

Mchuzi wangu wa wageni ni wa karanga, na hapa ndipo kupika tangu mwanzo kunapokuwa na maana kuliko mahali pengine popote. Karanga zilizokwisha kusagwa sokoni huwezi kuona zilikuwaje. Mimi nanunua nzima, nazimwaga kwenye ungo, nazichambua kwa mkono: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, yote natupa. Karanga zilizopata unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Kuchambua hakumalizi hatari yote, lakini kunapunguza sana. Ukimaliza, twanga kwenye kinu au peleka mashine unayoiamini na usimame pale pale wakikusagia.

Nusu kilo ya unga huo inataka kama lita moja na nusu ya maji. Koroga kwanza na maji baridi usiwe na madonge, tia vitunguu na nyanya, weka jikoni bila mfuniko, na uendelee kukoroga mpaka uchemke, kwa kuwa mchuzi wa karanga hufurika ghafla ukigeuza mgongo. Ukishatulia, punguza moto uuache karibu saa nzima, mpaka uone mafuta yake yakielea. Mafuta mengine ya nini? Chumvi weka mwishoni. Kama una samaki aliyekaushwa kwa moshi, mchambue miiba umtie humo, na majirani watauliza unapika nini.

Luwombo ni kazi zaidi kidogo, ila ni kazi ya asubuhi. Jani changa lisilopasuka lipitishe juu ya moto mpaka lilegee, punguza uti wake wa nyuma kwa kisu, kisha litandike ndani ya bakuli. Weka kipande cha kuku aliyebabuliwa kidogo kwenye makaa, mimina mchuzi wa karanga, kusanya kingo, funga kwa kamba ya mgomba. Kuku wa kienyeji anataka saa tatu za mvuke. (Kuku wenyewe, mwombe Muislamu akuchinjie hata kama wewe ni Mkristo. Kwetu ndivyo tulivyolelewa, ili asiwepo mgeni wa kuangalia tu wenzake wakila.)

Uzuri wa luwombo ni kwamba kila mtu ana furushi lake. Nililijua hilo kwa uchungu. Mwaka mmoja nilipata butiko, uyoga mdogo mtamu unaoota msimu wa mvua, nikautia kwenye mafurushi yote kwa furaha. Mgeni mmoja alifungua jani, akanusa, akalifunga tena taratibu. Alikuwa wa ukoo wa Butiko. Uyoga ndio muziro wake, mwiko wa ukoo wake, hali. Hakusema neno la kulaumu, alikula matoke kwa chumvi na parachichi, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo unapomwalika Mganda, muulize ukoo wake kabla hujaenda sokoni. Wa Mmamba hali kamongo, wa Nsenene hali panzi. Muulize kila mgeni vilevile kama kuna kinachomdhuru, hasa karanga, kwa kuwa mwili wa mwingine haziuwezi kabisa. Siku hizi furushi lisilo na uyoga nalifunga kwa fundo mbili, na la asiyekula karanga ninalifunga kwa uzi mweupe na kulipika kwenye sufuria yake.

Marafiki wakiuliza walete nini, usijibu "njooni tu". Waambie walete kitu cha kwao. Mmoja wetu ni wa Mbale, huleta malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo ameyaloweka usiku kucha. Mwingine wa Gulu huleta malakwang, ile mboga chachu inayopikwa na karanga, pamoja na viazi vitamu. Rafiki yetu wa Mbarara huja na eshabwe, samli iliyopigwa kwa maji baridi na chumvi mpaka ikawa nyeupe na laini. Kila anayeleta chakula huleta na habari zake: nani alimfundisha, alikula mara ya mwisho lini, nani hayupo tena wa kukipika. Nimewajua marafiki hawa kupitia sufuria zao kuliko kupitia miaka tuliyofanya kazi pamoja.

Novemba ikifika na nsenene, wale panzi, wakianza kuuzwa, hatupiki kitu kikubwa. Tunanunua wakiwa hai, tunakaa duara, tunang'oa mbawa na miguu, mikono ina kazi na midomo iko huru. Nimesikia mambo mazito sana kwenye duara hilo, mambo ambayo watu hawayasemi wakiwa wameangaliana usoni na kikombe cha chai mkononi. Kaanga kwa mafuta yao wenyewe, kitunguu na chumvi, basi.

Kuhusu moto, napika kwa sigiri, jiko la makaa, na sigiri inakaa nje au kibarazani. Usiiingize ndani ya chumba kilichofungwa hata mvua ikinyesha, kwa maana hewa ya makaa huua bila harufu.

Tenga pia majani machache yaliyosafishwa. Mgeni akiinuka, mfungie kidogo cha watoto aliowaacha nyumbani. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kumwona mtu mzima akipanda bodaboda jioni huku amekumbatia furushi la moto kifuani.

Jumapili ijayo sipiki. Jirani yangu wa Arua amesema ni zamu yake, atasonga ugali wa muhogo na kupika angara, wale samaki wakavu wa kwao. Nilimuuliza nije na nini. Akaniambia nilete majani ya mgomba na niwahi, kwa sababu anataka nimfundishe kufunga luwombo kabla wengine hawajafika.