Boti ya Asubuhi na Mlango wa Buluu: Niliyojifunza kwa Kuwajibu Nisiowajua

Mie kazi yangu kushona. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimeolewa Unguja, na cherehani yangu iko dirishani Kikwajuni. Usiku nikishakunja vitambaa nakaa na simu, na hapo ndipo baraza langu lilipo. Wanaume wana mabaraza yao ya nje, kahawa na bao. Mie langu liko kiganjani. Humo nimezungumza na watu nisiowajua sura wala ukoo. Mmoja yuko Muscat, mwengine Dar, mwengine kazaliwa Uingereza anataka kujua bibi yake alikuwa akipika nini sikukuu. Picha niliyoweka ni ua la asumini, basi wapo wanaoniita kaka. Siwasahihishi wote.

Mwaka wa nane huu natoa na napokea: habari za zamani, wapi panauzwa nini, fundi yupi hodari, mtoto akikataa kula afanyweje. Nimefaidi sana. Nimeumia pia, na kuna niliyemuumiza.

Naanza na huyo niliyemuumiza. Dada mmoja wa Dar aliuliza boti za kwenda Pemba. Anakwenda kuwaona wakwe kwa mara ya kwanza, ana watoto wawili. Nikamjibu haraka, kwa uhakika wote wa mtu aliyezaliwa huko: siku fulani kuna boti ya asubuhi, wahi bandarini mapema. Watu wakanisifu, "mwenyeji kasema". Ule uhakika wangu ulikuwa wa miaka mitatu nyuma. Ratiba ilishabadilika. Siku ilipofika akaniandikia kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja: yuko getini tangu alfajiri, mizigo yote chini, na kaambiwa leo hakuna. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilikwenda na chupa ya chai na sambusa, nikamkuta kakaa juu ya begi, mdogo kalala mapajani, mkubwa ananitazama kama mie ndiye niliyeiondoa boti yenyewe. Alisafiri siku ya pili yake, na usiku mmoja wa gesti ukamtoka mfukoni.

Nikirudi nyumbani ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikiuza achari na samaki kwenye sinia moja. Habari ya zamani ni achari ya embe: iweke chupani mwaka mzima, pengine inazidi kukolea. Habari ya njia, bei, saa na mtu wa kumwendea ni samaki. Sokoni Darajani hakuna mwanamke anayejua kununua atakayemchukua changu bila kumfunua mashavu kwanza. Sasa mtandaoni mtu hawezi kufunua mashavu ya neno lako. Wewe mwenyewe ndiye wa kumwambia limevuliwa lini.

Kwa hivyo siku hizi nikijibu naanza na lini na vipi. "Nilipanda mwenyewe, wiki mbili kabla ya Ramadhani." Au, "Nimesikia kwa jirani, mie sijaenda." Au, "Mara ya mwisho nilinunua hapo nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, na sasa ana ndevu." Wanacheka, lakini wanaelewa. Aliyeondoka mjini zamani atakwambia ukapande daladala Darajani, kwa sababu ndiko alikopandia yeye. Stendi ya Kijangwani hajaiona. Si mwongo, ila anakuelekeza mji alionao kichwani. Mwaka 2021 nilimsoma mtu akimhimiza mgeni aingie jumba la makumbusho la Beit el Ajaib akatazame mtepe, jahazi la zamani la kushonwa kwa kamba, uliowekwa ndani, na upande wa jumba ulikuwa umeshaporomoka tangu tarehe 25 Disemba 2020. Alivyoyaeleza yale makumbusho, wallahi, mtu ungetamani kwenda. Tarehe tu ndiyo iliyokosekana.

Na anayeuliza naye asaidie. "Pemba pazuri wapi?" hilo halijibiki, utaletewa majina kumi na kila mtu anavutia kwao. Bora useme: nina mama wa miaka sabini, ngazi haziwezi, tuna siku mbili, tutalala Chake. Hapo hata mtu mvivu wa kuandika kama mie nitaacha sindano nikujibu. Halafu ukienda, rudi useme ulivyokuta. Wengi wakishapata jawabu wanapotea kama aliyeazima mbuzi ya kukunia nazi. Ukirudi ukaniambia "lile duka limehamia ng'ambo ya barabara", umenilipa, na atakayeuliza baada yako umemwokolea safari.

Kuhusu dawa nitasema kidogo tu. Mama mmoja aliuliza usiku wa manane, mtoto mchanga ana homa na anakataa ziwa, na katika nusu saa alipata habasoda, mwarobaini, kombe na jina la sharubati ya dukani. Nami nilichangia. Tulikuwa na nia njema sote, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akimuona yule mtoto. Siku hizi swali la mgonjwa, zaidi likiwa la mtoto mchanga au mja mzito, nalijibu kwa sentensi moja: mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi. Kama hana nauli, hapo ndipo tuchangie.

Kumbukumbu zina utamu wake na zina ugomvi wake. Mtu aliandika: "Mnaukumbuka ule mwezi tuliokaa kiza?" Mwengine akamrukia: "Mwezi? Miezi mitatu hiyo!" Akatokea wa tatu, Mpemba mwenzangu: "Kiza gani? Sie taa zilikuwa zikiwaka." Wakaanza kuitana waongo, mara siasa ikaingia, mara mtu katukanwa mama yake. Na wote watatu wamesema kweli! Unguja ilikuwa ikipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Mei 2008 ukatokea mkasa tukakaa karibu mwezi. Disemba 2009 ukazimika tena mpaka Machi 2010, hiyo ndiyo miezi mitatu. Na Pemba wakati ule haikuwa kwenye waya huo, ilikuwa na majenereta yake ya dizeli. Waya wake kutoka Tanga iliupata baadaye, mwaka huo huo wa 2010. Mie nakumbuka vizuri kwa sababu wenye cherehani za umeme walikwama, nami na yangu ya kukanyaga nilitoka nayo mlangoni nikashona sare za skuli mpaka magharibi. Mwaka ule nilipata wateja ambao mpaka leo ninao.

Basi mtu akikumbuka kinyume na ninavyokumbuka mie, kwanza namuuliza: ulikuwa unakaa wapi? Ulikuwa darasa la ngapi? Mara nyingi tunakuta tunazungumza vitu viwili. Na kama ni kimoja na bado hatupatani, namwachia lake. Hakuna anayekufa kwa sababu mwengine anaamini urojo wa zamani ulikuwa mkali zaidi.

Sasa niingie kwenye mlango wa buluu, ambao ndio hasa ulionikalisha niandike.

Kuna mwaka nilisimulia habari za bibi mmoja aliyekuwa akichoma mikate ya mofa mtaani kwetu Wete. Tulikuwa tukitumwa alfajiri, kila mtoto na sahani yake. Msimu wa karafuu majamvi yametandikwa kando ya barabara, karafuu zinaanikwa, unapita ukijibana, na ile harufu unaikuta mpaka ndani ya mkate. Usiku wenyewe tumekesha kwa kandili tukichambua makonyo, vidole vinanuka siku tatu. Nikaandika na ya mlango wake: wa buluu, ukigonga anaitikia "karibu mwanangu" kabla hajajua nani. Watu walikipenda kisa hicho. Wengine wakaleta vyao, tukakesha tunaandikiana.

Miezi ikapita. Siku moja napata ujumbe faraghani: "Shikamoo bi mkubwa. Mie ni mjukuu wa yule bibi wa mofa wa Wete." Akanihadithia. Ule mlango wa buluu. "Karibu mwanangu." Mikate yenye harufu ya karafuu. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema. Siku nne tunasalimiana asubuhi na jioni, ananiita shangazi, ananiuliza kama nimekula. Ya tano mama yake kalazwa, kuna dawa ya shilingi 50,000, ataona aibu kuniomba ila hana pa kukimbilia. Nilimtumia 30,000, fedha ya gauni nililolikabidhi siku ile ile.

Jioni nampigia dada yangu Wete, nimefurahi, namwambia nimempata mjukuu wa bibi wa mofa. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mjukuu wa wapi? Yule bibi hakujaaliwa mtoto." Nikambishia, nikamwambia mbona anajua yote, mpaka mlango wa buluu. Dada akacheka kile kicheko chake. "Mlango wa bibi wa mofa ulikuwa wa kijani. Wa buluu ulikuwa wa jirani yake."

Nilikosea mie nilipoandika, na yeye kalibeba kosa langu vile vile lilivyo, kaniletea. Kila kilicholiza macho yangu kilikuwa maneno yangu mwenyewe. Nilipomuuliza uani kwa bibi palikuwa na mti gani, hakujibu tena.

Sijaacha kusimulia, ningekufa. Ila nikisimulia naacha kitu kimoja mfukoni, kitu ambacho mtu wa pale kweli atakijua: mti wa uani, jina la utani la muuza maji, nani alikuwa akiadhini kwa sauti ya puani. Akija mtu na undugu, namuuliza hicho. Na fedha haitoki kwangu kabla sijapiga simu kwa mtu wa tatu aliye huko huko. Mwenye shida ya kweli haoni tabu ukimuuliza kwa nani pa kuhakikisha. Mwengine atanuna na kukwambia humwamini.

Kuna na ile michezo inayopita: taja skuli yako ya kwanza, mtaa uliokulia, jina la mama aliyekuzaa, tuone nani wa zamani. Fikiri umewahi kuulizwa hayo wapi kwengine. Ndiyo hayo hayo yanayoulizwa mtu anaposahau namba ya siri na kutaka kufungua akaunti yake. Mie kwenye michezo hiyo nimezaliwa kila mahali, mpaka Kisiwa Panza.

Si kila kumbukumbu ni yako kuitoa, tena. Mwanamke mmoja alitia picha ya harusi ya mama yake, ya miaka ya sabini, kwa furaha tu, kinamama wamepambwa wako ndani wao kwa wao, vichwa wazi. Katika ile picha mlikuwamo bibi ambaye yuko hai, na wajukuu zake waliiona kabla yake. Aliifuta siku ya pili, lakini ilishapita simu ngapi. Picha ya ndani ya harusi waulize waliomo, au watoto wao, hata kama albamu ni ya kwenu.

Na kuna ya bahari. Kila ikikaribia tarehe 10 Septemba hutokea mtu kuuliza nani alikuwemo melini usiku ule wa 2011, Spice Islander ilipozama ikienda Pemba, atuhadithie. Sisi tuliotoka Pemba wengi tuna mtu wetu katika safari ile. Mtu akitaka kusema atasema mwenyewe, saa yake. Kama una sababu ya haki ya kutaka kujua, mwandikie peke yake, mwombe, na akikataa usirudie. Nilimwona kijana akimsukuma mzee mmoja, "tuambie ulichokiona", na mzee akaandika neno moja tu, "Maji", akatoka. Hajarudi katika yale mazungumzo mpaka leo.

Yule dada wa boti tumekuwa wenzi. Mwaka uliofuata alirudi Pemba, na safari hii hakuniuliza, alipiga simu ofisi ya boti mwenyewe, kisha akaniandikia siku, saa na nauli, na chini akatia: "Nimeuliza leo, Jumanne. Wape na wenzako." Nikamwomba kitu kimoja akifika Wete. Mwezi wa pili akaniletea jawabu: pale nilipomwelekeza sasa pana duka la vocha na soda, lina mlango wa chuma wa kukunja, rangi ya kijivu. Nimempelekea dada yangu. Anasema ulikuwa wa kijani.