Re: Kufunga boti binafsi mbele ya kiwanja, Mwanza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujenga banda la boti ufukweni kwa kuwa kiwanja ni chako. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, uwe na hati au usiwe nayo. Kabla hujamwaga hata ndoo ya zege, nenda NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira).

Boti yenyewe isajiliwe na kukaguliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Ukitaka kuiegesha mwaloni (wavuvi wanaposhushia samaki), waone kwanza viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha hapo. Kamba usiilegeze sana, mawimbi ya usiku yataigongesha boti kwenye mawe. Na injini ifungue ulale nayo ndani, wezi hawana likizo!