Jiwe la bangili ya Kinavajo: feruzi au rangi tu?
Hongera sana, ndugu! Mashine ya kutafutia metali kulia ardhini, kisha ukafukua bangili ya fedha ya Kinavajo (kazi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani), hiyo ni bahati kubwa. Umetuma picha ukauliza kama jiwe lake la buluu ni feruzi halisi, na la mgodi gani.

Chukua kioo cha kukuza uitazame ile mishipa ya kahawia. Kwenye feruzi mara nyingi imebonyea kidogo, ukipitisha ukucha unaihisi. Haulaiti, jiwe jeupe linalotiwa rangi kuigiza feruzi, huwa laini kote, na rangi hujikusanya kwenye nyufa. Angalia pia palipomeguka: weupe ukichungulia, lina walakini. Ukijani usikutishe, feruzi hunywa mafuta na jasho la mvaaji.

Kuhusu mgodi, mishipa ya rangi ya chokoleti hunikumbusha mgodi wa Bisbee, Arizona, Marekani. Samawati tupu isiyo na mishipa hunikumbusha mgodi wa Sleeping Beauty, uliofungwa 2012. Kwa picha peke yake siwezi kuapa.

Tafadhali sana, usiitumbukize kwenye dawa ya kung'arishia fedha, itaharibu jiwe. Futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo.