Mnada wa Mtandaoni: Ni Biashara au Kamari?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niliumia mgongo kazini, na tangu hapo sitoki nyumbani ila kwa taabu. Marehemu baba alikuwa fundi saa, akanirithisha ufundi wake. Najiliwaza kwa kununua saa kuukuu za mkono kwenye minada ya intaneti. Nazitengeneza, nyingine naziweka, nyingine naziuza kwenye minada hiyohiyo. Sasa mke wangu amesikia mawaidha ya ustadhi mmoja kwamba mnada wa mtandaoni ni kamari, ni kununua usichokiona, na ni kumpandia bei Muislamu mwenzako. Hataki tena watoto wale pesa ile. Jingine, shemeji yangu huingia kutaja bei kwenye saa ninazouza ili zisiondoke kwa bei ya kutupa. Na nakiri kwamba nakesha nikingoja minada ifungwe, Alfajiri inanipita. Je, nimo katika haramu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Allah akupe shifaa isiyoacha maradhi, na amrehemu mzee wako aliyekuachia elimu yenye manufaa.

Ndugu yangu, swali lako limenikosesha raha. Chakula kinaondolewa mbele ya watoto kwa sababu ya neno lililosemwa kwa haraka, na anayeumia ni mgonjwa aliyepata kitu cha halali cha kushughulisha mikono yake. Kuharamisha ni jambo zito. Katika Suratun-Nahl Allah amewakemea wanaosema kwa ndimi zao hiki halali na hiki haramu wakamzulia Yeye uongo. Aliyekuwa na shaka angesema "sijui", na hapo angekuwa amesalimika.

Nianze na hili la kamari. Kamari ni kila mtu kuweka mali yake hatarini: ama ale cha mwenziwe, ama chake kiliwe bila badali yoyote. Sasa mtazame mtu aliyetaja bei kwenye mnada akazidiwa. Amepoteza nini? Hakutoa hata senti, mali yake iko mfukoni vilevile. Na aliyefikiwa na saa amelipa bei inayojulikana kwa kitu kinachojulikana, kwa hiari yake. Hiyo ni biashara ya kuridhiana iliyotajwa katika Suratun-Nisaa. Kutokujua kama utakipata au hutakipata hakufanyi kamari, kwani hata anayekwenda sokoni asubuhi hajui kama atakuta anachokitaka.

Ama kumpandia bei mwenzako, Hadithi iliyokataza ni sahihi, lakini wanazuoni wameielekeza pale muuzaji na mnunuzi wameshaelekea kukubaliana, kisha wa tatu anaingia kuvuruga. Kwenye mnada muuzaji bado hajamkubali mtu, na kila aliyeingia anajua kuwa wengine wanaruhusiwa kuongeza. Ustadhi huyo amesahau kisa alichokisimulia Anas bin Malik? Mtu wa Answari alikuja kuomba. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa aalihi wa sallam) akamwambia alete alichonacho nyumbani, naye akaleta tandiko na kikombe. Mtume akavishika mkononi na kuuliza nani atavinunua. Mmoja akasema dirhamu moja. Akauliza nani atazidisha, akarudia mara mbili au tatu, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Huu ni mnada kwa maana yake kamili, na mnadi ni Mtume mwenyewe. Dirhamu moja ikanunua chakula, ya pili ikanunua shoka, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, na yule mtu akenda kukata kuni.

Najua kuna waliozungumzia isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ingawa Tirmidhi ameihukumia kuwa ni hasan, yaani nzuri ya kutegemewa. Lakini jambo halikusimama juu yake peke yake. Bukhari ameweka mlango wa mauzo ya mnada, na humo amemnukuu Ataa, mwanazuoni wa zama za mwanzo, akisema aliwakuta watu hawaoni ubaya kuuza ngawira kwa anayezidisha. Ibrahim an-Nakha'i, naye mwanazuoni wa zama hizo, amepokewa kuuchukia mnada, nasi tunamheshimu, lakini jumuhuri, yaani wengi wa wanazuoni, hawakwenda naye. Na mwaka 1993, huko Brunei, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipitisha kuwa mnada unajuzu.

Hoja ya ustadhi ya kununua kisichoonekana ndiyo pekee yenye uzito. Aliyesoma Minhaj, kitabu cha fiqhi cha madhehebu ya Shafi'i, anajua kuwa kauli yenye nguvu kwa Mashafi'i ni kutosihi kuuza kitu kisichoonekana. Lakini humohumo imo kauli ya pili: yasihi, na mnunuzi ana khiyari, yaani hiari ya kukubali au kurudisha, akishakiona. Mahanafi wamelishika hilo, na Wamaliki na Mahanbali wamekubali kuuza kwa sifa zilizobainishwa. Suala lenye khilafu, yaani tofauti za wanazuoni, pana kiasi hiki haliwi sababu ya kuwanyima watoto chakula. Wewe nunua kwa muuzaji aliyepiga picha pande zote, akaeleza kasoro, na anayekubali kurudishiwa ikiwa kitu hakikulingana na maelezo.

Upo mnada ambao ustadhi angeuita kamari ningemuunga mkono: ule wa kulipia kila unapobonyeza kuongeza bei, na pesa hairudi hata ukizidiwa. Mamia wanatoa, mmoja anachukua. Hiyo ni kamari, usiikaribie.

Sasa shemeji yako. Hapa sina pa kukuegemezea, ndugu yangu. Kupandisha bei bila nia ya kununua ndiyo najshi, na Mtume ameikataza katika Hadithi ya Ibn Umar iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Sahaba Ibn Abi Awfa amemwita mwenye kufanya hivyo mla riba na mhaini. Kuogopa bei ya kutupa si udhuru, maana mlango wa halali upo: weka tangu mwanzo bei ya chini usiyokubali kushuka, kila mtu aione.

Zilizokwisha kuuzwa namna hiyo, fungua orodha ya bei zilizotajwa. Tafuta bei ya juu kabisa aliyoitaja mtu wa kweli asiyekuwa mnunuzi wala shemeji yako, ongeza hatua moja juu yake. Hapo ndipo saa ingefikia. Kilichozidi mrudishie mnunuzi. Wanazuoni wamekhitalifiana kama ana khiyari ya kuvunja mauzo, lakini usitafute upenyo katika khilafu ilhali mali ya mtu iko mikononi mwako.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, dhamana yako ni kubwa zaidi. Uso wa saa uliopigwa rangi upya, mishale isiyo ya asili, kipuri kilichotoka katika saa nyingine, mnunuzi havioni kwenye picha lakini wewe unavijua. Viandike. Kama umeijaribu saa kwa saa chache tu, usiandike "inafanya kazi vizuri", andika umeijaribu kwa muda gani. Wala usiuze ambayo bado iko njiani kwako. Sahaba Hakim bin Hizam alikatazwa na Mtume kuuza asichokuwa nacho. Zenye kasha la dhahabu ziache: dhahabu kwa pesa hutakiwa mkono kwa mkono, na kuivaa ni haramu kwa wanaume.

Mkeo usimgombeze. Amechelea kuwalisha watoto haramu, na wangapi wanatamani mke wa namna hiyo. Msomee jibu hili, na sehemu ya shemeji usiiruke.

Limebaki la Alfajiri, na hili limenihuzunisha kuliko yote uliyouliza. Allah amewasifu watu ambao biashara wala kuuza hakuwashughulishi na kumdhukuru na kusimamisha Swala. Mauzo yako ni halali, lakini halali inayokukosesha Alfajiri siku baada ya siku imeshakudhuru. Zile zilizokupita zilipe. Na kukesha hakuna haja hata kidogo: minada mingi hukuruhusu kuweka bei yako ya mwisho mapema, kisha programu ikuongezee hatua kwa hatua bila kuivuka. Huo ni uwakala, hauna tatizo. Kaa baada ya Isha, amua saa ile ina thamani gani kwako, iandike, zima simu, ulale. Ikienda kwa mwingine, haikuwa riziki yako.

Wallaahu a'alam.