Mwenye nundu na mwenye mundu: pomboo walivyoniaibisha mtoto wa mlimani

Juzi jioni nilikuwa stendi ya Moshi nasubiri gari la Kibosho, simu ikalia. Dada mmoja wa Arusha, mwongoza watalii, ana mwaka wa tatu kazini. "Shikamoo kaka. Ofisi imenipa wageni sita, siku nane mbugani halafu siku nne Zanzibar, na nakwenda nao mpaka mwisho. Wanataka pomboo. Mimi bahari nimeiona mara mbili tu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka, maana umefukua kitu nilichokuwa nimekizika.

Mimi maji niliyokua nayo ni ya mfongo, yale yanayoshuka kutoka msituni kuja migombani. Kuogelea nimejifunza nikiwa na miaka ishirini na tisa, na mpaka leo naogelea kama mbuzi aliyetumbukia. Lakini mbugani sikuwa na mpinzani. Nilikuwa namtaja ndege kwa sauti kabla mgeni hajashika darubini. Ndiyo maana mwaka 2015 bosi aliponiambia nishuke na wageni hadi Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, sikusoma chochote. Nilijiambia, mnyama ni mnyama.

Tuliondoka ufukweni alfajiri, bahari imelala. Muda si mrefu nahodha akazima mashine, wakaibuka. Mmoja akaruka juu mara moja, akaanguka pwaa. Mimi nilishawahi kusikia kwamba kuna pomboo wanaojizungusha hewani, basi nikaanza: hawa ndio wale wanaojizungusha, wanakaa makundi ya mamia, hivi na vile. Nilihutubia dakika kumi nzima. Kulikuwa na mama mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, amenyamaza muda wote. Akaniuliza kwa upole, "Na yule pale mwenye nundu?"

Nikaangalia. Kweli, kulikuwa na mwingine pembeni, mgongo umevimba katikati. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Yule aligongwa na boti."

Mama akafungua begi, akatoa kitabu, akanionyesha picha. Hakusema neno. Nahodha akageuza uso akawa anaangalia Bara kama vile kuna mtu anamwita. Wiki mbili baadaye maoni yakatoka mtandaoni: mwongozaji hodari sana nchi kavu, baharini anabuni. Bosi akayachapisha, akayabandika ukutani ofisini. Safari za pwani akampa mwenzangu kwa miaka miwili. Simtaji, tunakutana kanisani. Ila lile neno "anabuni" bado linaniwasha.

Miaka hiyo miwili siisimulii yote. Nililipa nauli yangu Moshi hadi Tanga, nikashuka Pangani, nikabembeleza kupanda boti za kwenda kisiwa cha Maziwe. Niliona mawimbi mengi, nikatapika mengi, pomboo mara chache. Kilichonifungua macho ni swali la baharia mmoja wa pale. Alikuwa amewahi kufika Serengeti, akaniuliza, "Nyie mnawajuaje wale swala wawili wanaofanana?" Nikamjibu bila kufikiri: swala tomi ana mstari mweusi ubavuni, granti ni mkubwa zaidi na weupe wa matakoni unapanda juu ya mkia. Kisha nikanyamaza. Kumbe kazi naijua, sikuwa nimeipeleka baharini tu!

Basi sikiliza. Pomboo hakuonyeshi mwili wote kama twiga. Anakupa mgongo na pezi kwa sekunde mbili. Anza hapo.

Kizimkazi utakutana na wa aina mbili. Mimi nimewapa majina yangu: mwenye mundu na mwenye nundu. Mwenye mundu ndiye wataalamu wanamwita Tursiops aduncus. Pezi lake la mgongoni ni refu na limepinda kwa nyuma kama mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Mdomo wake umechongoka kiasi, na wakubwa mara nyingi wana madoa tumboni. Huyu ndiye utakayemwona mara nyingi, na ndiye aliyeruka siku ile ya aibu yangu.

Mwenye nundu ni Sousa plumbea. Mgongo umeinuka kama nundu ya ng'ombe wa Kimasai, na juu ya nundu ndipo kijipezi kidogo kimekaa. Akiibuka, mara nyingi mdomo mrefu unatangulia kutoka majini, kisha anakunja mgongo. Hupenda maji ya kina kifupi karibu na ufuko, hutembea wachache wachache, na ana haya. Usimchukulie wa kawaida: tangu 2017 yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mimi nilimwita majeruhi.

Wale wa kujizungusha, Stenella longirostris, ni wa maji makubwa. Mfereji wa Unguja una kina kifupi, lakini mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita, na huko ndiko kwao, ingawa mchana huweza kusogea karibu na pwani kupumzika. Mdomo mwembamba mrefu, pezi karibu pembetatu, ubavuni rangi tatu: kijivu cheusi juu, kijivu chepesi katikati, weupe tumboni. Na kuruka kwao si kuruka tu. Anazunguka kama pia, mara kadhaa kabla hajarudi majini. Pomboo yeyote anaweza kuruka, mdogo wangu. Mimi niliponzwa na mruko mmoja.

Madoa nayo yasikudanganye. Wapo pomboo wengine wa kilindini, Stenella attenuata, wenye madoa mwilini, na watoto wao huzaliwa hawana hata doa moja. Kwa hiyo pezi kwanza, halafu mgongo, halafu uliza kina cha maji, ndipo urudi tena kwenye pezi. Najua narudia. Nitarudia mpaka uchoke.

Mwaka jana nilirudi Kizimkazi na wageni wanne. Kwa mbali nikaona kitu kimevunja maji, nikasema, "Nundu. Wawili, labda na mtoto." Nahodha akabisha. Tukasogea taratibu, wakawa watatu, mtoto ubavuni kwa mama yake. Nahodha akanipa mkono. Sitadanganya, nilitamani yule mama Mwingereza angekuwepo, na bosi wangu wa zamani ningemkalisha mbele kabisa kwenye boti.

Vijana wa Arusha wengi mnataka safari za mbuga na ufukwe kwa sababu ya dola, na sina ugomvi na dola. Lakini mnaruhusu boti kumi kumzunguka mnyama mmoja, wageni wanamrukia kichwani, na nyie mnapiga picha. Utafiti uliofanywa hapo hapo Kizimkazi ulionyesha kwamba boti za watalii zinawapunguzia pomboo muda wa kupumzika. Tarangire ungekubali magari kumi yamzibe tembo njia? Nahodha wangu mmoja aliniambia wazee wake waliwavua pomboo kuwa chambo cha papa, kabla Ghuba ya Menai, ndiyo bahari hiyo ya Kizimkazi, haijawa hifadhi mwaka 1997. Waliacha. Sasa sisi wa bara tusiwe ndio tunaowafukuza kwa mashine. Mwambie nahodha apunguze mwendo, akae pembeni, asikatize mbele yao. Akikasirika, mwongeze bakshishi.

Na kitu kimoja utakipenda: kama vile tembo wa Tarangire wanavyotambuliwa mmoja mmoja kwa mapengo ya masikio, watafiti huwatambua pomboo kwa mapengo ya pezi. Piga picha ya pezi, siyo ya mgeni akitabasamu. Na usipojua, sema hujui. Kile kibandiko cha ukutani nisingekipata kama ningesema neno moja tu: sijui.

Nilimtumia haya yote kwa sauti, ujumbe wa dakika kumi na nne. Amejibu sasa hivi: "Asante kaka. Wageni wanafika Agosti, na mmoja anauliza kama nyangumi watakuwa wanapita." Watakuwa wanapita, ndiyo. Ila hapo sasa uninunulie kwanza mtori.