Chagua siku moja, sehemu moja, ukae hapo

Wiki hii dada mmoja wa mwaka wa pili hapa Kampala kaniandikia inboksi, anasema masomo yanaenda vizuri, ada inalipwa, ila akirudi hosteli jioni anajiuliza anasomea nini hasa, na anataka kujitolea lakini hajui aanzie wapi. Ujumbe wake umenigusa sana, mimi pia nilipita hapo hapo. Najua mko wengi mnaotaka digrii iwe na maana kuliko joho na picha za mahafali, kwa hiyo namjibu hapa hapa.

Mimi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili ndo lugha yangu ya kwanza. Nilipofika chuo nikakificha. Mnajua Kampala ilivyo, katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili lakini ukikiongea kwenye teksi bado kuna mtu atakugeukia akuangalie kama mwizi au askari wa enzi zile za Amin. Nikawa mtu wa Kiingereza na Luganda tu, na moyoni sikuwa na raha.

Kujitolea nilianzia kwa shirika fulani, jina silitaji. Walituvisha fulana, tukaenda kugawa sabuni Jumamosi moja, na wamama wakasimama juani asubuhi nzima wakimsubiri mgeni rasmi aje apigwe picha. Baadaye nikaona sura yangu kwenye bango lao, na nilipoomba barua ya kunitambulisha hakuna aliyepokea simu. Bado inaniuma, sitadanganya. Ila ile siku niliwasikia wale wamama wakinong'ona kwa Kiswahili, Wakongo wote, na hakuna kati ya waliotuleta aliyekuwa anawaelewa.

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi wa Sudan Kusini na Kongo, na sio wote wako makambini kama Nakivale na Kyangwali, wengine tunaishi nao Katwe, Nsambya, Makindye. Mimi nikaenda mwenyewe kituo cha afya cha serikali huko huko, nikamtafuta mkuu wa kituo, nikamwambia naongea Kiswahili, nipe siku moja kwa wiki. Akanipa Alhamisi. Mwanzoni kulikuwa hakuna la kusimulia, nilipanga mafaili na kuonyesha watu foleni.

Halafu akaja mama mmoja wa upande wa Ituri huko Kongo, mtoto anaharisha, na ilikuwa mara ya pili anarudi. Sista alikuwa amemweleza vizuri kabisa, kwa Luganda. Mama alikuwa anakoroga pakiti nzima ya ORS, ile dawa ya unga ya kuharisha inayochanganywa na maji, kwenye kikombe kimoja cha chai, na vidonge vya zinki aliacha siku ya pili kwa sababu mtoto alionekana kapona. Nikachukua chupa mbili tupu za maji za nusu lita, nikamwonyesha kwamba pakiti moja inataka zote mbili zijae, maji safi, na zinki ni siku 10 hata kama kuharisha kumekatika, kidonge unakiyeyusha kwenye kijiko. Nikamwambia naye anielezee mimi. Akarudia yote bila kukosea, akamfunga mtoto mgongoni akaondoka. Hiyo siku nilitembea hadi stendi ya teksi ya Old Park bila kusikia uchovu, lugha niliyoificha ndo imemtibu mtoto wa watu! Baada ya muda wamama wakawa wanakuja Alhamisi makusudi, wanauliza yule binti wa Kiswahili yuko wapi, na naringa nayo hadi leo.

Sasa ndugu zangu acheni kuzunguka. Leo usafi Bwaise, kesho kituo cha watoto yatima, keshokutwa fulana nyingine, huko hakuna mtu atakayekujua jina na wewe hutajua shida ya mtu hata mmoja. Kaa sehemu moja. Tafuta unachokijua tayari, hesabu, kompyuta, kusuka, lugha ya bibi yako, upeleke panapokosekana. Na ukae. Cheti kitakuja au hakitakuja, usikifuate. Ukiwa mkalimani sema yote aliyosema mgonjwa, usimpunguzie wala kumwongezea, na ya kwenye kile chumba yaishie kwenye kile chumba, hasa mambo ya HIV, ukitoa siri moja mtaani hao wamama hawarudi tena.

Dada yangu, wewe anza hivi: chukua kitambulisho cha chuo na barua ya chairman wa LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa, wa unapokaa, nenda asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, omba kumuona mkuu mwenyewe. Chagua kituo unachoweza kufika kwa miguu, maana mimi nimeona wengi wanaacha kwa sababu ya nauli ya boda wala sio kwa kukosa moyo. Tarehe za testi mwambie mapema. Na ukipewa Alhamisi, iwe Alhamisi hata mvua ikinyesha.